Mhadhara wa Wazi Kuhusu Sayansi ya Kuiboresha Pikipiki ya Mchina

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiwe. Mheshimiwa Mweka Hazina, ambaye nakuona umekaa karibu na njia ya kutokea. Wazee wetu mnaoendelea na bao kana kwamba hapa hakuna mkutano. Mama lishe wetu, mdhamini mkuu wa shughuli hii kwa kutuazima mabenchi. Madereva wenzangu, wenye leseni na mnaoendelea kuzitafuta. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze kwa dakika ishirini. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, na nimejikubalia bila kinyongo. (Makofi)

Kwa wale ambao hawanifahamu, nawapa pole. Mimi ni mtaalamu huru wa mitambo midogo ya magurudumu mawili. Chuo sikwenda, kwa kuwa vyuo vilikuwa bado havijajiandaa kunipokea. Elimu yangu nimeipata kwa kusimama nyuma ya mafundi wakiwa kazini na kuwaambia wanakosea. Spana namba kumi nimeishika tangu sijaota ndevu, na mpaka leo sijamrudishia mwenyewe.

Hoja yangu ni moja, na nitaithibitisha kwa hesabu. Pikipiki ya Mchina inapotolewa kwenye boksi haijakamilika. Mchina ametengeneza nusu, nusu iliyobaki ametuachia sisi wenye vipaji.

Nianze na asili. Mashine nyingi mnazozikalia hapa, tenki liwe limeandikwa SanLG, Kinglion au Fekon, zina injini ya ukoo mmoja. Babu wa ukoo huo ni Honda CG125, iliyotoka Japani mwaka 1976. Wajapani walikuwa wameng'amua kwamba katika nchi za joto na vumbi watu huibebesha pikipiki kuliko kiasi chake, na oili hawaimwagi mpaka igeuke lami. Wangeweza kutushauri tubadilike. Hawakuhangaika, wakabadilisha injini. Wakaweka silinda moja inayopozwa na upepo. Mnyororo wa taimingi unaopanda hadi kichwani wakauondoa, badala yake wakaweka vijiti viwili vya chuma vya kusukuma valvu. Vitu vichache, vizito, visivyodai huruma.

Wachina wakaipenda injini hiyo. Viwanda vyao, hasa vya mji wa Chongqing, vikaifyatua kwa wingi, na ilipofika katikati ya miaka ya 2000 makontena yakawa yanashuka bandarini kwetu yakiwa na pikipiki ambazo mkulima wa mpunga angeweza kuzinunua baada ya mavuno mazuri. Leo hakuna kijiji kisichokuwa nazo. Mjamzito anafikishwa zahanati nayo, mwalimu anakwenda kazini nayo, mkaa unaingia mjini nayo.

Sasa litazameni jambo hili kwa jicho la kitaalamu. Kuna mhandisi aliyekaa mezani, akanoa penseli, akakusudia kuunda injini ambayo sisi tusingeweza kuiua. Mimi nimelipokea hili kama changamoto ya kitaifa. (Makofi/Kicheko)

Inameni kidogo, muitazame mashine iliyo jirani nanyi. Upande wa kushoto wa injini, kwa chini, chini ya tope na oili iliyoganda, kuna herufi na namba zilizogongwa kwenye chuma. Futa kwa kidole. Zikisomeka 162FMJ, umebahatika kukaa na mimi, kwa sababu nitakusomea. Moja ya mwanzo ni idadi ya silinda. 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na J ni daraja la sisi (cc) 150. Iliyoandikwa 156FMI ni ndugu yake wa sisi 125. Pistoni ya hiyo ya kwanza hupanda na kushuka milimita 49.5. Ukipiga hesabu unapata ujazo wa sisi 149 na kitu. Kwa hiyo mlipouziwa mia na hamsini mlipunjwa, na nimekwisha kuandaa barua ya malalamiko. Nguvu yake ni ya farasi kumi na moja hivi. Farasi hao ndio tunaowategemea kubeba dereva, abiria, mtoto wa abiria, mbuzi, na bango la saluni.

Baada ya utangulizi huo, naingia kwenye maboresho.

Boresho la kwanza ni ekzosi. Ekzosi ya kiwandani ina vyumba, matundu na vizuizi ndani ya tumbo lake, vyote vimewekwa kumeza sauti. Nauliza, kwa nini sauti yako imezwe katika nchi yenye uhuru wa kujieleza? Utaratibu wake hauna gharama kubwa. Unakwenda kwa mchomeleaji pale Gerezani, anakata kitako kwa grainda, anang'oa utumbo wote, anachomelea upya, na chai uliyoagiza inakuwa bado ya moto. Ukiwasha, mtaa mzima unajua una pikipiki. Ukipita saa nane za usiku, na mtaa wa pili unajua.

Nadharia yangu, ambayo naomba ninukuliwe nayo, inasema kelele ni kasi. Pikipiki ikipiga kelele ya themanini, basi inakwenda themanini, hata spidimita ikisema arobaini. Spidimita ni maoni ya kiwanda.

Wapo wenye wivu, wanaojiita mafundi wa kusomea. Hao wanadai kwamba kabureta ilipimwa iendane na ekzosi ile ile iliyokuja nayo. Kwamba ukiifungua holela, hewa inaizidi petroli, injini inachemka, na valvu ya kutolea moshi inaungua ukingoni. Wanadai hata nguvu yenyewe haiongezeki. Fizikia yao naikubali. Nisichokikubali ni tabia ya kuileta kwenye furaha za watu.

Na sisi wa ngazi ya juu hatuishii kwenye kelele ya kawaida. Tunapiga mzinga. Tazameni mkono wangu. Unateremka, uko gia ya tatu, mafuta umeyashikilia. Mkono wa kushoto unaacha usukani, unazima swichi. Cheche zinakatika, lakini tairi bado linaizungusha injini, kwa hiyo inaendelea kunyonya petroli na kuitema mbichi kwenye ekzosi. Unahesabu moja, mbili. Unawasha swichi. Paa! Kuku wanaruka, bibi anamtaja Mungu, mtoto aliyekuwa amebembelezwa tangu saa saba anaanza upya. Huo ndio uhandisi. Ipo siku ekzosi itapasuka kwenye mshono, na hapo sauti inakuwa huru kabisa.

Nimeulizwa kuhusu Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazosimamiwa na watu wa mazingira. Nimewaandalieni utetezi. Mwambie afisa kwamba kelele haina namba ya usajili; yenye namba ni pikipiki, na pikipiki sasa hivi imezimwa. (Kicheko)

Boresho la pili ndilo moyo wa mhadhara wangu, nawasihi muwaamshe walio pembeni yenu. Fungueni kava la ubavuni, mtaona boksi la plastiki. Ndani ya boksi mtakuta sponji limelowekwa oili. Hilo ndilo chujio la hewa. Mashine inataka kupumua, Mchina ameiziba kwa sponji! Ulitoe, ulitupe. Ukiona unalionea huruma, mpelekee mama lishe akaoshee sufuria.

Wenye wivu watasema sponji lile huoshwa kwa mafuta ya taa, likakamuliwa, likatiwa oili kidogo na kurudishwa, kazi ya robo saa. Watasema kwa barabara zetu za Chanika, za Bahi, za Kongwa, vumbi ni mchanga uliosagika, na mchanga ukiingia ndani unakaa baina ya ringi na ukuta wa bloku, unafanya kazi ya msasa. Ringi zinalegea. Bloku inapanuka. Oili inapanda juu na kuungua, na nyuma yako kunabaki mkia wa moshi wa buluu unaonuka hadi kituo kinachofuata. Hali hiyo wao huiita kuchoka kwa injini.

Hapa ndipo kusoma na kuelimika vinapoachana. Bloku ikishachakaa unaifanyaje? Unaipeleka kwenye mashine ya kuchonga, na unawekewa pistoni ya saizi inayofuata: robo milimita, nusu, robo tatu, hadi milimita nzima. Shikeni kalamu. Kipenyo kilikuwa milimita 62, sasa ni 63. Ujazo ulikuwa sisi 149, sasa ni 154. Ndugu zangu, vumbi la Dodoma limewaongezea sisi tano bila kulipia ushuru wa forodha! (Makofi, vigelegele) Na saizi zote zikiisha, unanunua bloku mpya, unarudi kwenye 62 na kuanza safari upya. Wataalamu wa mipango huita jambo hili maendeleo endelevu.

DEREVA KIJANA: Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti! Kuchonga bloku, pistoni, ringi, gasketi na fundi, hizo hela anatoa nani? Elimu si ni bure siku hizi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, elimu bila malipo ni ya shule za Serikali. Hii ya kwangu ni ya binafsi.

Boresho la tatu ni sproketi. Hapa nahitaji utulivu, maana kuna kugawanya. Tuseme mashine yako ina meno 15 mbele na 42 nyuma. Gawanya 42 kwa 15, unapata 2.8. Ukiweka ya meno 14 mbele, uwiano unapanda kuwa 3. Injini inazunguka zaidi kwa asilimia saba hivi kwa kila mzunguko wa tairi, na mashine inavuta vizuri kwenye milima ya Lushoto au ya Mbeya, ingawa mwendo wa mwisho unapungua. Anayetaka mbio za tambarare anafanya kinyume chake, anapunguza meno ya nyuma. Watu wa kawaida huchagua moja. Mimi, kwa kuwa nilitaka mlima na tambarare, nimefanya yote mawili: mbele nimeweka 14, nyuma nimeweka 39. Gawanyeni wenyewe. Mmepata 2.8 kasoro kidogo? Basi. Mashine imerudi ilipokuwa, ila sasa imerudi kitaalamu.

Kuhusu cheni yenyewe sina la kusema. Wengine huipima kwa kuiinua kwa kidole, hapo katikati, icheze sentimita mbili hadi tatu, wakaipaka mafuta. Mimi nasubiri ianze kuimba. Ikiimba, nawasha redio.

Redio inanifikisha kwenye boresho la nne, umeme. Chini ya kava kuna betri ndogo ya volti 12, na ndani ya injini kuna koili zinazoichaji. Koili hizo zilipimwa kwa taa kubwa moja, taa ya breki, indiketa na honi ya kistaarabu. Sisi tunaongeza taa za rangi zinazozunguka fremu, taa mbili za kuwamulika wanaokuja mbele mpaka wasione, honi ya fuso, spika, na chaja ya simu ya abiria. Usiku, mashine ikisimama kwenye taa za Magomeni, injini ikipunguza mzunguko, muziki unafifia, taa zinasinzia, indiketa inakata tamaa. Usibabaike. Huo ni mgawo wa umeme, nasi tumekwisha kuuzoea.

Fyuzi ikiungua mara kwa mara, ujue ni fyuzi mwoga. Chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikunje, ichomeke pale pale. Karatasi hiyo haiungui. Kinachoungua ni waya, na kutoka kwenye waya hadi kwenye tenki si mbali.

Urembo nitaugusia kwa kifupi kwa sababu mmenizidi. Kava la siti la manyoya, mvua ikinyesha, linampa abiria kumbukumbu ya kudumu. Saiti mira ndogo za urembo zinakuonyesha bega lako, na bega lako ndilo jambo muhimu barabarani. Na maandishi ya kwenye kipira cha matope yawe ya kuwaumiza mahasimu. Kama huna hasimu, nunua taa za kuwamulika watu, utampata.

Boresho la tano ni uzito. Mashine hizi kwa kawaida hupewa mzigo wa kilo 150 hivi, dereva akiwemo. Niambieni, ni nani hapa aliyepakia magunia mawili ya mkaa ya lumbesa akakuta kilo 150? Suluhisho ni keria ya nondo, shokapu zilizoongezewa springi, na vyuma vya kona vya kuishika fremu. Fremu ikipasuka, inachomelewa. Palipochomelewa pakipasuka, panachomelewa pembeni yake. Mwisho wa yote unamiliki pikipiki iliyotengenezwa na mchomeleaji wa Tanzania kwa zaidi ya nusu. Waheshimiwa, hiyo ndiyo Tanzania ya viwanda! (Makofi ya muda mrefu)

MZEE FUNDI: Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti.

MWENYEKITI: Mzee, taarifa. Mzungumzaji, kaa kidogo.

MZEE FUNDI: Nashukuru. Naomba kumpa taarifa mzungumzaji kwamba tangu aanze hajataja oili. Injini hii haina kichujio cha oili cha kutoa na kuweka kingine. Ina chekecheke la waya, na kikombe kidogo kinachozunguka kule kwenye klachi. Basi. Unga wote wa chuma na masizi yote vinabaki ndani ya oili, na oili yenyewe ni lita moja tu. Ikiwa mpya unaimwaga mapema, kilomita mia tano za kwanza, kwa sababu vyuma vinakuwa bado vinasuguana kuzoeana. Baada ya hapo kila kilomita elfu moja na mia tano, usivuke elfu mbili. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani, chomoa kijiti, kifute, kichomeke bila kukifunga, kichomoe utazame. Na usitie oili yoyote iliyo karibu. Klachi ya mashine hii inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kuteleza. Ukizitia klachi inateleza, halafu unamlaumu Mchina. Ya pili, valvu. Nafasi yake ni milimita 0.08, nyembamba kuliko karatasi ya ofisini. Inapimwa kwa geji, injini ikiwa ya baridi. Haipimwi kwa sikio. Naomba kuwasilisha.

MWENYEKITI: Mzungumzaji, taarifa unaipokea?

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote kwa mzee wangu, taarifa siipokei. Ni ya kweli, lakini imeletwa bila mbwembwe za kitaaluma. (Kicheko)

Na kwa kuwa mzee amelichokoza, nitalijibu. Oili haijawahi kuingia kwenye orodha ya maboresho kwa sababu za msingi kabisa. Haionekani. Haisikiki. Haipigwi picha. Nani kati yenu amewahi kusimamishwa na binti njiani akaambiwa, kaka, oili yako ni safi? Ukifunga taa za buluu, kijiwe kizima kinakusanyika. Ukimwaga oili, anayekuja ni mwenye nyumba kuuliza nani amemchafulia uwanja. Mtu mwenye akili anatumia fedha zake pale zinapoonekana. Oili unaimwagia ndani ya chuma, unafunga, halafu unaishi kwa imani. Mimi ni mwanasayansi, mambo ya imani nawaachia wenye nayo.

Mzee amesema lita moja. Bei yake haivuki hesabu ya siku mbili. Hilo nalo ndilo linalonitia shaka. Dawa inayofanya kazi haiwezi kuwa rahisi kiasi hicho. Ingekuwa kweli oili ndiyo siri, ingeuzwa kwenye maduka ya vioo.

Nije kwenye uchumi, kwa sababu namwona tajiri mmoja amejibanza pale kwenye duka la M-Pesa. Wengi wenu mashine hizi si zenu. Mko kwenye mkataba: unampelekea tajiri hesabu kila siku, na muda ukitimia kadi inabadilishwa jina, mashine inakuwa yako. Tuseme hesabu ni elfu kumi. Kwa mwaka mzima umempelekea milioni tatu, laki sita na hamsini elfu. Mashine mpya dukani tuseme ni milioni mbili na ushee. Kwa hiyo unalipia pikipiki moja na kipande cha nyingine, na siku unayokabidhiwa kadi unakabidhiwa injini iliyofanyiwa maboresho yangu yote. Wapo wanaosema huo ni ujinga, kwamba mtu unaua kwa mikono yako kitu ambacho wewe ndiye utakirithi. Wananikosea adabu. Injini ni ya tajiri kwa mwaka mzima, lakini kelele ni yako tangu siku ya kwanza.

Petroli nayo msiisahau. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mashine yenye afya hukwenda zaidi ya kilomita thelathini na tano kwa lita. Ukisikia ya kwako inakunywa, kabla ya kusikiliza majungu kuhusu plagi iliyochakaa, tairi lisilo na upepo na chujio lililotupwa, jiulize kwanza kama EWURA hawajakuonea wewe binafsi.

Kuhusu sheria, nitakuwa mwangalifu kwa sababu kuna askari anakunywa chai. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na leo hii inataka kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria, inataka abiria mmoja wala si mshikaki, na inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Nimeisoma sheria hiyo na kuona haimtaji mtaalamu popote. Nimetafsiri ukimya huo kuwa ni msamaha. Kofia yangu ninayo siku zote, nimeitundika kwenye usukani, mahali ambapo trafiki anaiona vizuri.

(Kengele ya kwanza inalia)

Nakushukuru, Mheshimiwa Mwenyekiti. Napokea maswali machache, yasiyo magumu.

DEREVA MWANAMKE: Mimi nina Mchina wangu mwaka wa nne huu. Ekzosi ni ya kiwandani, sponji nalifua kila Jumapili pamoja na sare za shule za watoto, oili namwaga kwa kufuata kilomita. Sijachonga bloku hata mara moja. Nimekosea wapi?

Dada yangu, umekosea kumnyima fundi riziki. Kuna mchonga bloku, muuza ringi, mchomeleaji, wote wana watoto wanaosoma. Miaka minne umewapita bila kuwasalimia. Huo ni uchoyo, na kijiwe kikulaani.

MZEE WA BAO: Mwanangu, nimekusikia tangu mwanzo. Hiyo mashine iliyoboreshwa hivyo inafika Chalinze?

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako lina busara ya utu uzima. Jibu ni kwamba mashine iliyoboreshwa haipimwi kwa kufika. Inapimwa kwa kuondoka. Na ikiondoka, hata walioko Chalinze wanaisikia.

MAMA LISHE: Na mbona leo umekuja unaisukuma?

Mama yangu, nilikuwa naifanyia majaribio ya mwendo wa kimya. Yamefaulu. (Kicheko kikubwa, wazee wanaacha bao)

(Kengele ya pili inalia)

Mheshimiwa Mwenyekiti, kengele ya pili imelia na nakuona unavuta maiki ambayo haijaunganishwa. Nayasoma maazimio. Mosi, kwamba Mchina apongezwe kwa kutengeneza nusu. Pili, kwamba chujio la hewa litambuliwe rasmi kuwa chombo cha jikoni. Tatu, kwamba nipewe cheti. Azimio la nne limepenyezwa na mzee fundi bila idhini yangu, na nasikitika kuwatangazia kuwa wajumbe wamelipitisha kwa kauli moja huku nikipinga: kwamba yeyote atakayetaka kufunga taa, redio, honi au ekzosi mpya, kwanza akanunue lita moja ya oili ya pikipiki, aimwage ya zamani, afue sponji, akaze cheni kwa kipimo, ndipo aje kijiweni na habari za maboresho.

Mwisho kabisa, natangaza kwamba nakwenda Mbagala na kiza kinaingia. Mwenye mashine naomba anisogeze. Nasisitiza iwe ambayo haijaboreshwa. Dada wa miaka minne, kama hukuwa umechukia sana, mimi niko tayari.

Naomba kutoa hoja.